Mlingoti wa Mwalimu Gerishom

Jioni hiyo Mwalimu Gerishom alitoka kutafuta mti. Si mti wa maana. Mlingoti tu wa kushikilia waya wa redio yake, kwa kuwa boriti ya kwanza ilikuwa imeliwa na mchwa ikavunjika. Alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja njia ya Ngomeni, na mwaka huo wa 1989 hakuna aliyemshinda kwa kujivuna kutoka Malindi hadi Kilifi. Wenzake walisikiliza mpira na salamu za redioni. Yeye alisikiliza jua.

Ndiyo, jua. Alivuta waya juu ya uwanja wa nyumba yake, akauunga kwenye redio ya masafa mafupi iliyotumia betri ya gari, akavaa visikilizio, na jua likamvumia masikioni: shshsh... kama mchele unaopepetwa. Mwaka huo jua lilikuwa limechafuka, likipiga kelele kila siku. Gerishom aliandika saa na dakika ili awapelekee wataalamu wa ng'ambo. Aliyemuuliza faida yake alitazamwa kuanzia kichwani hadi viatuni, basi. Walimu wenzake aliwaona mbumbumbu, wanakijiji washirikina, na mkewe Jedida mtu mwema asiyeelewa kitu.

Huyo ndiye mjuzi wetu.

Nyuma ya shule palikuwa na mahame, mji wa Wagiriama uliohamwa miaka kadhaa nyuma. Kwenye kichaka aliona nguzo ya mti mgumu, ndefu kumzidi kimo, imechongwa pembetatu kifuani, na juu ina kichwa cha duara. Mchwa hawakuwa wameigusa. Akaitikisa. Akaanza kuchimba.

"Mwalimu."

Alikuwa Kache, bibi kizee wa jirani, mzigo wa kuni kichwani. Kila mtu pale alimwamkia shikamoo. Gerishom hakuwahi.

"Habari, mama."

"Huyo ni mume wangu, Mzee Dzombo. Miaka kumi na miwili tangu afe tukamsimamishia kigango hicho, nguzo ya roho yake."

"Hiki ni kibao, mama."

"Kigango hakihamishwi. Hata sisi tulipohama tulimwacha papa hapa. Anaposimama ndipo kwake."

"Basi atahamia kwangu," Gerishom akacheka.

Kache akatua kuni. "Kwako? Umesema wewe mwenyewe?"

"Nimesema. Kwangu. Namkaribisha."

 Bibi akajitwika mzigo wake, akaenda zake, na Gerishom akamsikia akicheka polepole hadi alipopotea kichakani. Mjinga huyu, aliwaza. Hata hasira hana.

Siku tatu zikapita salama. Nguzo ilisimama uani kwake, waya ukanyooka, jua likavuma. Gerishom alikuwa na kanuni moja: jua likizama, kelele zake hukoma. Hapo ndipo alipopata uhakika kwamba anasikia jua na si takataka nyingine.

Siku ya nne jua likazama.

Shshsh...

Akatazama magharibi. Hakukuwa na jua. Akakagua waya. Akachomoa betri.

Shshsh...

Akavua visikilizio. Sauti ilikuwa bado ipo. Ikaja harufu ya ugoro, na pombe ya mnazi iliyochacha, katika nyumba yake yeye mzee wa kanisa, isiyowahi kuingiza hata tone. Kisha, ndani ya ule mvumo, mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanamume anayerudi kwake na kutaka afunguliwe.

"Naam!" Jedida akaitika kutoka jikoni.

Akatoka na kata ya maji. Akapiga magoti chini ya ile nguzo, akazungumza upesi, kwa sauti ya chini... kwa Kigiriama. Jedida wa Vihiga, huko bara, aliyeshindwa hata kununua samaki kwa lugha hiyo!

"Jedida," Gerishom akanong'ona. "Unasema na nani?"

Alimgeukia kama aliyekatizwa. "Amechoka na safari," akasema.

Asubuhi hakukumbuka lolote. Aliuliza tu kwa nini magoti yake yana mchanga. Lakini jioni ya pili akaitika tena, na akakaa pale nguzoni hadi chakula kikapoa. Jioni ya tatu aliinuka, akautoa mto wa Gerishom kitandani, akauweka barazani.

Hapo kiburi kikamtoka mtu. Alimpenda Jedida. Hakuwahi kumwambia, kwani alidhani jambo lililo wazi halina haja ya kusemwa, na sasa aliogopa kwamba hatakuwapo wa kuambiwa. Kesho yake alasiri aling'oa nguzo, akaibeba begani, akaisimamisha katika shimo lake la kwanza. Akaomba radhi kwa sauti, peke yake kichakani. Kisha akaenda kwa Kache.

"Shikamoo, mama."

Kache alikuwa akisuka makuti. Aliiacha ile salamu ingoje. "Marahaba. Leo umeijua."

"Nimemrudisha, mama. Ataniachia mke wangu?"

"Umerudisha kibao," akasema Kache. "Mwenyewe ulimkaribisha kwako, naye kakubali."

"Nisaidie. Nitafanya lolote."

"Miaka kumi na miwili, kila jua likichwa, aliniita. Nimempa mnazi, nimempa ugoro, nimemwitikia. Siku hizi nalala." Akavuta kuti jingine, wala hakumtazama tena.

Gerishom alikimbia njia nzima. Jua lilikuwa limegusa mikoko. Lilipozama alikuwa mlangoni kwake.

Redio ilikuwa mezani, haina waya, haina betri.

Shshsh...

Sahani mbili zilikuwa zimepakuliwa, moja imeshaanza kuliwa. Kiti chake kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama kimekaliwa. Jedida alikuwa akicheka, kicheko ambacho Gerishom hakukisikia tangu siku ya harusi. Alipogeuka kuelekea mlangoni, akaziba mdomo kwa leso, kwa adabu.

"Karibu. Mwenyewe yupo, anakula. Nimwambie nani amekuja?"

Gerishom akafungua kinywa ataje jina lake.

Shshsh...

Akajaribu tena, kwa nguvu zake zote. Shshsh... Jedida akangoja kidogo, macho yake yakimpita. Kisha akakigeukia kile kiti.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni ile redio."