Ngeleka wa Lubudi, Ngeleka wa Nzilo

Soko ya Manika ilijaa watu, jua kali. Fidélie alikuwa anapimia mama mumoja kitenge ya kijani, wakati mwanaume wa mvi, shati nyeupe ya pasi, alisimama pale. Hakuangalia kitenge. Aliangalia mutoto mu mugongo ya ule mama.

— Mama, anatoka jasho pa kunyonya?

— Sana, tata.

— Na midomo inakuwa ya bulu? Kesho asubui umulete ku hopitali. Usingoje.

Fidélie, mujane wa miaka makumi ine na saba, mudomo mwepesi, akacheka:

— We tata, unanifukuzia baclients! Nunua basi!

Alinunua. Kesho yake akarudi, akanunua tena. Njo vile Fidélie alijua: huyu ni Dokta Ngeleka, miaka makumi tatu na moja anasikiliza mioyo ya batoto ba Lualaba, na bibi hana.

— Bitenge yote hii unavalisha nani?

— Hakuna. Nakuja kusikia vile unagombeza watu.

Simu zikaanza. «Umekula, chérie?» «Mi nimekula. Ni weye mwenye kusahau, mpenzi.» Kisha miezi tano, dokta akasema atatuma bandugu yake babishe mulango kwa Fidélie, kuomba ndoa.

Marlène, mwenye kuuzisha viatu pembeni, akasikia.

— Fidélie, macho yako iko wapi? Ku Lubudi kuko mutoto anaitwa Ngeleka. Ku Nzilo, Ngeleka mwingine. Mwanaume bila bibi, miaka yote ile!

Weye mwenye kusoma, ukiletewa neno kama lile, uliza kwanza. Fidélie hakuuliza. Alizima simu wiki tatu. Dokta alipokuja, akamupa mugongo.

— Nenda kwa batoto yako!

— Njo natoka kwao, alijibu, bila kuelewa, akaenda pole pole kama mugonjwa.

Siku ya posho, mwisho wa wiki, mama mumoja alishuka na gari moshi ya Lubudi, akafika pa meza ya Fidélie, anashika mutoto mukono.

— Ngeleka, usiguse bitu ya mama!

Makasi ya Fidélie ikasimama.

— Baba ya huyu ni nani?

— Kalumba, anatumika ku chemin de fer, ile ya gari moshi. Juu ya nini?

— Na ile jina?

Mama akashusha sauti.

— Dada yake wa kwanza alikuwa anachoka, anakuwa bulu. Banasema ni bulozi, tukangoja. Akakufa. Wa pili, Dokta Ngeleka alisikia tundu mu moyo mapema, bakamupasua, leo anaruka kamba. Huyu wa tatu, tukamupa jina ya dokta. Tuko bengi, mama, benye tulifanya vile.

Fidélie akaachia Marlène meza, akarukia taxi-moto. Alikuta dokta ku mulango wa hopitali.

— Mi ni mujinga. Niliogopa batoto yako.

— Siko na hata mumoja, Fidélie.

— Uko nabo bengi, benye jina yako. Na baba zao bote bako bazima!

Dokta akacheka mupaka machozi. Kisha akauliza, sauti ndogo:

— Bandugu yangu bakuje?

— Bakuje siku ya yenga, kisha misa. Na weye usichelewe.

— Na kama bananiletea mutoto mugonjwa ile saa?

Fidélie akamutengeneza kola ya shati.

— Bandugu yako batakula. Sahani yako ya bukari, nitaifunika mupaka urudi.