Suruali ya Kaisari

Sokoni Vienna, Jumamosi watu wamebanana, Severin Watzek aliteleza kwenye maji ya kabichi chachu na suruali yake ya kijivu ikapasuka makalioni, praaa! Poldi, mshonaji wa ukumbi wa michezo ya jukwaani, koti lake jekundu la mtumba limembana kiuno, akachomoa sindano kwenye kola.

"Geuka, bwana mzuri, nikustiri."

"Mbele ya watu?"

"Wameshaona. Na utafune uzi huu. Ukishonewa nguo mwilini bila kutafuna, akili nayo inashonwa."

Severin akautafuna kidogo, akautema akicheka. "Akili yangu ichukue tu, bibie."

Akaichukua, na moyo akaongezewa. Miezi mitatu simu haikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula maneno yako."

Kumbe maneno hayashibishi.

Severin alikuwa mwigizaji mpya wa ukumbi uleule, na mwaka huo waliipandisha jukwaani riwaya ya kebehi, ya kaisari anayejisifu huku dola inamomonyoka chini ya kiti chake. Akapewa ukaisari. Kichwa kikavimba kabla ya taji. Siku moja Poldi yuko nyuma ya pazia, mdomo umejaa pini, akasikia mwigizaji mmoja akimuuliza Severin, "Poldi ndiye mchumba?"

"Nani? Yule ni wa suruali tu."

Poldi hakulia. Mwenye pini mdomoni halii. Alifumua suruali nyeupe ya Kaisari, akaishona upya kwa uzi wa kushikizia, ule unaokatika kwa chafya.

Siku ya onyesho la kwanza, ukumbi umefurika, Severin akapanua kifua: "Dola yangu haitaanguka kamwe!"

Ikaanguka suruali.

Bibi mmoja alicheka hadi meno yakamtoka. Mwongozaji akaja nyuma ya jukwaa analia kwa raha: "Iwe hivyo kila onyesho! Yote themanini!"

Simu ikaita. "Poldi mpenzi, nisamehe. Nishonee uzi wa kweli."

"Njoo kesho, laazizi. Tutaona."

Kesho yake akapiga goti mbele ya waigizaji wote, pete mkononi. "Huyu ndiye mchumba wangu! Nikuoe, Poldi?"

"Simama kwanza, nikushonee."

Akamshonea mwilini, taratibu, maana mgongo ule aliupenda. Severin akafumbua mdomo kama kifaranga, akingoja uzi wa kutafuna.

Poldi akaukata kwa meno, akautia mfukoni.

"Mbona hunipi?"

"Nimeangalia humo kichwani, baba. Hamna cha kushonwa."

Kengele ya jukwaa ikalia. Severin akaupapasa mshono, akaujua uzi ni uleule wa kukatika kwa chafya, uso ukamshuka.

"Nenda, Kaisari," Poldi akasema, akimnyoosha kola. "Bado mara sabini na tisa."