Wayua Alipiga Magoti Barabarani

Siku ya soko Thika, mwaka wa 1958, Kagwe alimgonga Wayua kwa baiskeli na kumwaga viazi vyake vyote. Aliviokota kimoja kimoja akimwomba radhi, na alipofika cha mwisho Wayua, mshonaji aliyevaa gauni la maua alilojishonea, alikuwa ameshacheka. Tangu hapo kila Jumamosi Kagwe, fundi wa mitambo ya kahawa huko Ruiru, alikuja kumwona, shati limepigwa pasi, akimwita Mama Viazi na kuuliza lini aende kwa baba yake kuposa. Wayua alimpenda, wala hakuona haya kusema.

Jumamosi moja wakitembea, walisikia kengele. Nzau, katekista, alitangulia akiigonga. Nyuma yake padri Mzungu, mikono kifuani, hasalimii mtu, akimpelekea mgonjwa Ekaristi. Wayua alipiga magoti pale pale vumbini. Kagwe alibaki wima, uso umemwiva.

"Wazungu walinichuchumaza kizuizini miaka miwili," alisema walipopita. "Mke wangu hatampigia Mzungu magoti."

"Sikumpigia yeye. Amembeba Yesu mwenyewe."

"Amebeba mkate, Wayua."

Kagwe, aliyelelewa Kiprotestanti, alimtaka achague: magoti yale au yeye. Wayua alijikung'uta vumbi, akamwambia treni ya Ruiru isimwache. Wiki mbili alishona huku machozi yakimtoka, lakini barua hakuandika.

Jumamosi ya tatu Kagwe alikuja barazani alikokuwa akishonea, akitafuta maneno. Kabla hajayapata, padri yule yule akafika kwa baiskeli, kabichi zimefungwa nyuma, kuulizia kanzu yake. Wayua hakuinuka. Huku mguu ukikanyaga cherehani, alimjibu kwamba haijawa tayari, arudi Jumanne. Padri akashukuru, akaenda zake.

Kagwe alimgeukia Wayua.

"Leo hukupiga magoti."

"Leo amebeba kabichi."

Kagwe aliketi kwenye kibao karibu naye. "Nilikukosea," alisema. "Nilidhani uliinama kwa woga. Mimi bado naona mkate, sitakudanganya. Lakini kubali nikuoe, Wayua, na kengele ile ikilia piga magoti yako. Nitasimama kando yako nimevua kofia, na hakuna atakayekucheka."

Moyo wa Wayua ulijaa fahari, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya mwanamume huyu asiyejua kudanganya. Alisimamisha cherehani.

"Nenda kwa baba," alisema. "Umwambie hayo hayo, usipunguze neno."