Ufunguo wa Joto la Oulu

"Kunguru ametua," redio ilinong'ona sikioni mwa Saimi Rautio. "Usimguse."

Saimi alijifanya anapapasa blanketi la sufu dukani.

Kunguru alikuwa Torsti Vuorela, mhandisi wa mtambo unaopasha joto nyumba zote za mji wa Oulu. Mfukoni alificha ufunguo wa kielektroniki aliouiba kazini. Mwenye ufunguo ule angeweza kuuzima mtambo akiwa nchi nyingine kabisa.

Nje, baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Duka la samani la Mama Hilkka lilipangwa kama nyumba: makochi ya mbao nyeupe, taa za karatasi, vinara vya kioo. Kila mteja alivua viatu mlangoni. Jasusi alivua. Mwizi naye alivua.

Volvo nyeusi ilisimama ng'ambo ya barabara.

Mnunuzi wa ufunguo.

"Akipokea mzigo tutamfuata hadi mpakani," alisema redioni Kallio, mkuu wa Saimi. "Amri ya wakubwa."

"Akitupotea?"

"Hatatupotea."

"Mara ya mwisho ulisema hivyo hivyo, bosi. Ukarudi na picha ya moshi wa gari."

"Saimi, usinijaribu."

"Mji huu una vichanga na wazee. Sichezi kamari na maisha yao."

Akakichomoa kidude cha redio sikioni, akakitumbukiza kwenye jagi la bluu.

"Torsti, kaka, nipe huo ufunguo," alimwambia mhandisi.

Torsti aliipindua rafu ya vinara. Vioo vikatapakaa sakafuni. Akachomoka mbio hadi mlangoni, na hapo mazoea ya kwao yakamponza.

Akainama kuvaa buti.

Mguu wa kwanza uliingia. Wa pili ukagoma.

Saimi aliruka juu ya kochi, akaruka juu ya meza, akatua na soksi zake mgongoni mwa Torsti. Bastola yake ya Glock ikamgusa kisogo.

"Ngoja basi nifunge kamba," Torsti alihema.

"Funga vizuri. Unakokwenda ni mbali."

Akampiga pingu mkono mmoja, akamfunga kwenye bomba la joto ukutani. Akautoa ufunguo mfukoni mwake.

Mnunuzi alikuwa ameshashuka. Alisimama nje ya dirisha, mkono ndani ya koti.

Saimi hakujificha. Aliuweka ufunguo kwenye kizingiti cha dirisha, mbele ya macho yake. Akabeba sufuria ya chuma kutoka rafuni.

Akaupiga.

Akaupiga tena, hadi ukawa makombo.

Mnunuzi aliyatazama makombo yale. Kisha akageuka. Volvo ikaondoka taratibu.

"Na hivi vioo atafagia nani?" aliuliza Mama Hilkka kutoka nyuma ya kaunta.

"Huyu hapa, mama. Nimekuachia mkono wake mmoja."

Simu ya Saimi ikatetema.

"Umempoteza mnunuzi!" Kallio alifoka. "Kitambulisho chako cha kazi nikione mezani leo."

"Nakileta. Huko ofisini kuna joto?"

"Kuna joto, ndiyo. Kwani vipi?"

"Basi. Na mji mzima unalo."

Akakata simu, akainua ukosi wa koti, akashika barabara ya theluji bila haraka.