Kinywa cha Aliyenyimwa Viza

Mtoto wa mama yangu mdogo alihitimu ufundi wa meno mwezi wa kumi na moja, na kufikia wa pili alikuwa ughaibuni, kwenye karakana ya meno bandia, na viza ya mwaka mmoja. Usidhani nasimulia ya kuokota barabarani. Mengine aliyaandika mwenyewe, mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Kazi aliipenda. Asubuhi anayeyusha nta na kupanga meno moja moja, mchana anakula mkate juu ya stuli, jioni anafagia unga wa plasta. Wenzake walimwita Msomi kwa maswali yake yasiyoisha. Rafu ya juu ilikuwa na vinywa vya plasta vya mafundi wenyewe. Ndiyo desturi yao: fundi mpya hujichukulia umbo la kinywa chake, na siku ya kuondoka hukivunja kwa mkono wake. Kimoja kilibaki bila mwenyewe.

"Cha nani hiki, mzee?" alimuuliza fundi mkuu.

"Cha kijana wa kwenu. Alinyimwa kuongezewa viza, akatoka saa ya chakula, hakurudi. Kwao pia hakufika. Kiache hapo hapo, binti."

Alikiacha miezi minane.

Mwezi wa kumi zikaja karatasi za uhamiaji. Ili aongezewe mwaka, aende kwenye mahojiano na sampuli ya kazi yake: meno kamili, yaliyopangwa juu ya kinywa kisicho na jino. Akikataliwa, siku kumi na nne awe ameondoka. Na huku nyumbani mama mdogo, ambaye siri kwake hailali, alishautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe harudi mpaka awe bingwa. Sasa atayapanga wapi? Vinywa vya wateja haviguswi. Kukata meno ya chake mwenyewe aliona ni kujichuria. Akaitazama rafu. Mwenye njaa hana miiko, alijisemea.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani, fundi mkuu ametoka kupeleka kazi za wateja. Alikata meno ya plasta ya yule kijana yote, akasawazisha fizi, akapanga ya kwake. Kazi ilitoka safi mno. Alipobonyeza jino la mwisho, ulimi wake ukafa ganzi.

Mzee aliporudi hakufoka. Alikaa chini tu.

"Umekikata?"

"Nisamehe, mzee. Nilibanwa."

"Basi hakivunjiki tena, ila kwa mkono wa mwenyewe. Na mwenyewe yuko wapi?"

Binti akachukua nyundo, akapiga. Plasta haikupata hata ufa. Akapiga tena. Taya lake mwenyewe likalia, akatema damu sakafuni.

Jioni ile alimpigia mama yake.

"Nani mwenzangu?" mama mdogo aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Kaka, tafadhali, mpe mwanangu simu yake."

Masikioni mwake binti aliisikia sauti yake ni ileile ya siku zote. Ndipo alipoogopa. Hakusema tena neno.

Siku ya mahojiano alikwenda na karatasi: koo linaniuma, naomba kujibu kwa maandishi. Ofisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliisoma akaitikia kwa kichwa. Aliigeuza sampuli huku na huku, akaisifia. Akashika muhuri. Mwaka mzima ulikuwa mkononi mwa yule mama.

"Bado kitu kimoja, ni utaratibu tu. Nitajie jina lako."

Alibana meno. Akabana mdomo kwa mikono miwili. Ukafunguka.

Likatoka jina la kiume.

"Uliniambia siku kumi na nne," mdomo ukaendelea, kwa kunong'ona. "Bado nipo."

Ofisa alivua miwani. Jina lile alilijua. Alisukuma kiti nyuma mpaka kikagota ukutani, na muhuri haukugongwa.

Binti akarudi huku nyumbani. Tulimpokea na maua, akatulilia tu. Simu aliizima, akaifungia kabatini, akawa anatuandikia kwenye daftari: msiniulize kitu, nisije nikajibu. Mama mdogo alimpeleka kwa madaktari, akampeleka kwa waombaji, wote wakasema koo ni zima.

Wiki ya tatu, Jumapili mchana, nikiwa palepale sebuleni, akabisha hodi mama mmoja mgeni. Vumbi la safari lilikuwa miguuni, mkoba ameukumbatia.

"Samahani, dada yangu," alimwambia mama mdogo. "Mwanangu alipotea ughaibuni. Miaka miwili sijamsikia. Jana kanipigia, tumeongea karibu saa nzima. Kasema yuko nyumba hii, nije nimchukue."

Akatuonyesha namba. Ilikuwa ya ile simu ya kabatini.

Mama mdogo akamsogezea kiti. Hapo binti akatoka chumbani, kiganja kimeziba mdomo, machozi yanamchuruzika. Alitutazama mmoja mmoja, kama anayeomba ashikwe. Tungemshika wapi? Kiganja kikashuka chenyewe.

"Mama," alisema.

Wakaitika wote wawili.