Mwandiko Mzuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alifagia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Alikusanya vipande vya nyuzi, akafuta cherehani, kisha akafuta picha ya kaka yake iliyoning'inia ukutani. Katika picha hiyo kaka alivaa sare nyeupe ya ubaharia, kifua mbele.

Mteja akiuliza, "Baharia wetu hajambo?" mama alijibu haraka, "Hajambo, yuko safarini," huku akiinamia sindano. Kumbe kaka alikuwa nyuma ya pazia, katika chumba cha ndani, akipiga pasi nguo za wateja hao hao. Alikuwa amerudi miezi mitatu iliyopita na begi moja, akasema hatapanda meli tena. Hakutoa sababu, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Wiki hiyo mwalimu alitoa insha kuhusu kazi ya ndugu. Redio aliandika kwamba kaka yake alikuwa akivuka bahari kuu, na kwamba karibuni angekuwa nahodha. Insha ikashika namba moja. Ijumaa angeisoma mbele ya wazazi wote. Msumari, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza, "Mwambie nahodha wako aniletee hata kofia." Redio alicheka, lakini hakumtazama usoni.

Jumatano jioni mwalimu alikuja kuchukua gauni lake. "Mama, binti yako ametutoa kimasomaso," alisema. Akaitoa insha mkobani, akaanza kuisoma kwa sauti. Alipofika kwenye bahari kuu, pazia lilifunguka. Kaka alitoka na gauni mkononi, limenyooka, bado lina joto la pasi.

Mama alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Redio alitazama sakafu.

"Shikamoo, mwalimu," kaka alisema.

"Marahaba. Kumbe upo? Umekuja likizo?"

Redio aliomba moyoni aseme ndiyo. Neno moja tu lingewaokoa wote.

"Hapana, mwalimu. Niliacha kazi."

Akaketi kwenye benchi la wateja. "Miezi kumi na moja sikukanyaga nchi kavu. Hilo ningelivumilia. Lakini melini kuna karatasi ya kuandika saa ambazo kila mtu amepumzika. Tulilala saa nne tu kwa siku, tukaandika kumi, maana mkubwa wetu hakutaka meli icheleweshwe bandarini ili sisi tupumzike. Za zamu yetu nilizijaza mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Siku moja rafiki yangu alisinzia akiwa ameshika kamba ya kufungia meli. Akapoteza vidole vitatu. Wakaguzi wa meli walipouliza, karatasi ilisema alilala vya kutosha, kwa hiyo ni uzembe wake. Nami nikanyamaza." Alimkabidhi mwalimu gauni lake. "Vijana wanne tulianza pamoja. Amebaki mmoja kazini. Watu wanadhani tuliogopa mawimbi."

Mwalimu aliishika insha bila kuisoma tena. Redio aliiona kutoka pale alipokuwa: mistari imenyooka, hakuna hata herufi iliyofutwa. Masikio yakamwaka moto.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "naomba niiandike upya."

"Pengine utaikosa namba moja."

"Najua."

Ijumaa alisoma insha mpya, yenye kisa chote cha kaka. Aliposema, "Mimi na mama tulimficha kaka nyuma ya pazia," mama aliinamisha kichwa. Kaka alikaa kiti cha nyuma, bila sare. Msumari hakucheka. Baadaye alimfuata kaka, akauliza, "Na yule rafiki yako?"

"Mkono umepona. Jana nilimwandikia kumwomba radhi. Wakaguzi wa meli nao nimewaandikia, nikawaeleza nilichokijaza."

Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza, alimshika Redio bega. "Kijana kuacha kazi si fedheha," alisema. "Fedheha ni kuupa uongo mwandiko mzuri. Ule wa melini ulimtwika mtu kosa lisilo lake. Wa kwenu ulimfungia kaka yako ndani ya nyumba yenu wenyewe."

Jumamosi mteja aliingia, akatazama picha ukutani. "Baharia wetu yuko wapi siku hizi?"

Safari hii mama hakuinamia sindano. "Yupo ndani, anakupigia pasi suruali yako," alisema. "Redio, mwite kaka yako aje kusalimia."