Hoteli Ndani ya Jiwe

Ng'washi na mumewe Masalu wanaishi kando ya ziwa, upande wa Nyegezi. Kazi yao ni kugonga kokoto. Masalu huwasha moto kulizunguka jiwe mpaka lipasuke. Kisha wanakaa wote wawili chini ya turubai, kila mtu na nyundo yake, wanagonga huku wakitaniana.

Nyuma ya nyumba yao kuna mawe matatu makubwa yamebebana. La juu limekaa kwa ncha tu. Wageni walianza kuja kulitazama. Walipiga picha, wakawashangaa pimbi wanaoota jua, wakaenda zao.

Siku moja Masalu akamwambia mkewe, "Mama Shimba, wageni hawa hawana pa kulala. Tuwajengee vyumba."

"Mawe ya msingi utayatoa wapi?"

"Si haya hapa nyuma? Mungu katuletea mpaka mlangoni."

Kesho yake akapanga kuni kulizunguka jiwe la chini. Moyo wa Ng'washi ukawa mzito. Mara akapita jirani yao Bernadetta, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu uione hoteli yangu."

"Iko wapi?"

"Bado imo ndani ya jiwe," Masalu akacheka.

Bernadetta hakucheka. "Shemeji, hebu weka kiberiti chini. Wageni wanafuata nini hapa?"

"Jiwe."

"Ukishalipasua, wataamka kwenye vyumba vyako watazame nini? Wewe?"

"Na sura yenyewe hiyo!" Ng'washi akadakia, akicheka mpaka akashika mbavu.

Masalu akanuna. "Sasa nitakula jiwe? Wao wanaondoka na picha, mimi nabaki na chupa zao tupu."

"Hapo una haki," Bernadetta akasema kwa upole. "Utalii mzuri unamlisha mwenyeji, na kivutio kinabaki salama kwa wajukuu. Wapikieni wageni. Wasimulieni habari za hapa. Wapite njia moja, wasiwasumbue pimbi. Choo kiwe safi, taka zisiingie ziwani. Na kiingilio tukipange pamoja, kwenye kikao cha mtaa."

Masalu akaweka kiberiti chini. Kisha akaanza kuziondoa kuni, moja moja.

Kikao kilifanyika. Watu walibishana, mwisho wakakubaliana. Sehemu ya kiingilio inasafisha ufukwe, nyingine inawafikia wenyeji. Masalu bado anagonga kokoto, ila za machimbo yaliyoruhusiwa. Wageni wakija, anaweka nyundo chini na kuwaongoza mpaka kwenye yale mawe matatu. Ng'washi anawapikia samaki wa sato na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na wengi wanaomba kuongezewa.

Jumapili, wageni walipoondoka, Ng'washi alifunika sahani ya sato akampelekea Bernadetta.

"Wabeja sana, mdogo wangu. Asante."

"Ya nini tena, dada? Si ulinishukuru juzi?"

"Juzi nilishukuru kwa ajili yangu," Ng'washi akasema. "Leo Masalu kanituma. Anaona haya kuja mwenyewe."